Mashine Sasa Inasoma Kila Muamala: Ukaguzi wa Ndani Umebadilika Vipi, na Unakuhusu Vipi Wewe Mteja

Ukisikia neno "mkaguzi", huenda picha inayokujia ni ya mtu mwenye miwani na rundo la mafaili, anayefika ofisini mara moja kwa mwaka na kila mtu ananyoosha tai yake. Huyo yupo na kazi yake ina maana. Lakini katika kampuni ya pesa za simu kuna mkaguzi mwingine ambaye wateja wengi hawajawahi kumsikia, na kazi yake iko karibu zaidi na mfuko wako. Anaitwa mkaguzi wa ndani. Ameajiriwa na kampuni ileile anayoikagua, ila ripoti zake haziishii kwa meneja. Zinaenda kwa kamati ya ukaguzi ya halmashauri ya wakurugenzi. Analipwa kuuliza maswali ambayo wenzake ofisini wangependa yasiulizwe.

Kwa miaka michache iliyopita kazi ya mtu huyu imebadilika sana, na sababu ni akili unde, ile wengi tumezoea kuiita AI. Pengine unajiuliza hayo yanakuhusu nini wewe unayetuma shilingi 300 za maziwa. Basi jua hivi: laini yako ikizuiwa ghafla kutuma pesa Jumamosi jioni, kuna uwezekano mkubwa kwamba wa kwanza kukushuku hakuwa mtu.

Pesa yako iko wapi, na nani anaihesabu?

Tuanze na jambo ambalo bado linawachanganya watu. Pesa yako haiko ndani ya simu. Unachokiona kwenye skrini ni rekodi tu. Pesa yenyewe iko benki, kwenye akaunti za amana ambazo kampuni hairuhusiwi kuzitumia kwa shughuli zake. Hivyo ndivyo kanuni za mifumo ya malipo za mwaka 2014 zinavyotaka. Kwa hiyo ukijumlisha salio la kila mteja na floti ya kila wakala, jumla hiyo lazima ilingane na pesa zilizo benki, kila siku. Hilo ndilo swali la kwanza la mkaguzi wa ndani. Zikipungua hata kidogo, kuna mahali pamevuja.

Swali la pili ni gumu zaidi: nani anaweza kuzigusa rekodi hizo? Kuna mfanyakazi mwenye ruhusa ya kurudisha pesa iliyotumwa kwa nambari isiyofaa. Kuna mwingine anayeweza kukubadilishia laini iliyopotea. Kuna akaunti ya muda inayoshikilia pesa ambazo muamala wake ulikwama katikati na bado hazijapata mwenyewe. Kuna akaunti zilizolala, ambazo wenyewe walihama nchi au walifariki na familia haijui kama mzee aliacha kitu kwenye simu. Kila moja ya sehemu hizi ni mlango, na mkaguzi wa ndani anazunguka akijaribu kila kitasa.

Tatizo la siku zote lilikuwa wingi wa milango. Kampuni ikishughulikia mamilioni ya miamala kwa siku, hakuna jeshi la wakaguzi litakalosoma yote. Wakawa wanachukua sampuli. Wanachagua miamala 60, pengine 100, wanaifuata mwanzo hadi mwisho, kisha wanatoa hukumu juu ya mamilioni.

Hebu tupige hesabu, ya mfano tu. Tuseme kuna miamala 1,000,000, na ndani yake 50 imefanywa na mfanyakazi mwizi. Mkaguzi anachagua 60 bila kuchagulia. Uwezekano wa kuangukia hata mmoja wa ile 50 ni kama 3 kati ya 1,000. Maana yake ni kwamba angeweza kurudia zoezi hilo maisha yake yote ya kazi asimwone mwizi. Usidhani sampuli ilikuwa uzembe. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu, sampuli italinasa haraka sana. Mwizi mmoja mwerevu ndiye anayepita. Halafu kulikuwa na suala la muda: ukaguzi wa miamala ya Januari ukifanywa Aprili, pesa ishatolewa, laini ishatupwa, na mhusika pengine ashaacha kazi.

Mashine inaangalia nini hasa?

Kilichobadilika ni kwamba sasa programu inaweza kusoma ile milioni yote. Haichoki wala haiendi lanchi. Lakini kusoma peke yake hakutoshi, lazima ijue inatafuta nini, na hapa kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya kanuni. Mtu anaiambia: nionyeshe kila anayetuma kiasi kilicho chini kidogo tu ya kikomo, mara kwa mara. Tangu 2023 kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, kwa hiyo mtu anayetuma 249,000 mara mbili kila siku kwa wiki nzima anastahili kutupiwa jicho. Au: nionyeshe wakala anayevunjavunja amana moja kuwa vipande vinne, kwa sababu komisheni hupangwa kwa viwango na vipande vinne huweza kumpa zaidi ya kimoja. Mteja halipi kitu kuweka pesa, kwa hiyo hana haja ya kulalamika akipokea ujumbe nne badala ya mmoja. Mashine inahesabu.

Njia ya pili ndiyo akili unde yenyewe. Hapa hakuna anayeiambia kanuni. Inalishwa historia ndefu ya miamala na inajifunza yenyewe kilicho cha kawaida: huyu hutuma asubuhi, hununua tokeni za stima mwisho wa wiki, hupokea mshahara tarehe 28. Siku mambo yakienda kombo na ile picha, inapiga kelele. Haijui kwa nini ni tofauti. Inajua tu kwamba ni tofauti.

Kuna ujanja mmoja wa zamani ambao wakaguzi wanaupenda na ambao kompyuta zimeupa miguu. Mwaka 1881 mwanaastronomia wa Marekani, Simon Newcomb, aliona kwamba vitabu vya logarithimu vilichakaa zaidi kurasa za mwanzo, zile za namba zinazoanza na 1. Mwaka 1938 mwanafizikia Frank Benford akaonyesha kwamba jambo hilo linatokea kwenye orodha nyingi za namba zinazozaliwa zenyewe: karibu 30% zinaanza na 1, na chini ya 5% zinaanza na 9. Mtu anayebuni risiti za uongo hajui hilo. Anazitawanya namba zake sawasawa akidhani ndivyo zinavyoonekana za kweli, na anajiuza hapo hapo. Kwa madai ya usafiri ya wafanyakazi na ankara za wauzaji, kipimo hiki kinafanya kazi nzuri.

Kwenye miamala ya wateja wetu, hata hivyo, ukikitumia kijinga utaaibika. Watu hawatumi namba za bahati nasibu. Wanatuma 50, 100, 200, 500, 1,000. Halafu kuna lile jambo letu la "tuma na ya kutoa", ambapo mtu anaongeza ada ili mama kule nyumbani apate elfu moja kamili mkononi. Programu iliyotengenezwa nje ya nchi ikiona maelfu ya miamala yenye kiasi kilekile cha ajabu, elfu moja na vijisenti juu, inaweza kudhani ni mtandao wa matapeli. Mkaguzi aliyekulia hapa anacheka, anajua ni upendo tu.

Mwizi akiwa ndani

Sehemu ambayo akili unde imeleta tofauti kubwa zaidi ni ile isiyoonekana na mteja kabisa: kuwaangalia wafanyakazi wenyewe.

Fikiria mhudumu wa wateja. Ana ruhusa ya kufungua taarifa za anayepiga simu, na kila akifungua, mfumo unaandika nani, saa ngapi, laini gani. Zamani orodha hiyo ilikaa tu kwenye seva. Sasa mashine inaziweka orodha mbili kando kwa kando: simu zilizoingia, na akaunti zilizofunguliwa. Akaunti 40 zimefunguliwa bila simu yoyote kupigwa. Kwa nini? Inaendelea. Kati ya zile 40, tisa zilibadilishiwa laini ndani ya siku mbili. Kati ya hizo tisa, saba zilimaliziwa pesa kwa wakala mmoja. Kila hatua ukiiangalia peke yake ni kitu cha kawaida kinachotokea kila siku. Ukiziunganisha, una genge.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini mnyororo wake ndio wizi wa kubadilishiwa laini unaofanana nao kila mahali, na kwa mtu aliyeibiwa hivyo jambo hili lina uzito. Bila ule mnyororo, jibu analopata ni lile la kuudhi: "Wewe mwenyewe ulimpa mtu PIN yako." Mnyororo ukionekana, mzigo wa kujieleza unahamia kwa kampuni.

Hata hivyo, usije ukadhani mashine ndiyo jasiri. Mwaka 2002 kule Marekani, mkuu wa ukaguzi wa ndani wa kampuni ya simu ya WorldCom, Cynthia Cooper, aliona hesabu ambazo hazikueleweka. Mkuu wa fedha wa kampuni alimtaka aahirishe ukaguzi huo. Hakuahirisha. Yeye na timu yake walichimba data usiku usiku, kimyakimya, hadi wakafichua matumizi ya dola bilioni 3.8 yaliyoandikwa kana kwamba ni mali. Data ilikuwa pale muda wote. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuipeleka mbele ya kamati huku bosi akimwangalia kwa jicho la hasira, na hicho hakuna programu inayokiuza.

Siku hizi pia wakaguzi wanatumia akili unde kusoma maneno: mikataba, barua, na malalamiko ya wateja kwa maelfu. Hapo tuwe waangalifu. Nyingi za programu hizi zimelishwa Kiingereza kwa wingi mno kuliko Kiswahili, na Sheng ndiyo kabisa. Mteja akiandika "nimekuliwa doo na wakala", mashine inaweza kuelewa kwamba kuna chakula mahali. Akichanganya Kiswahili na Kidholuo au Kikamba katika sentensi moja, malalamiko yake yanaweza kutupwa kwenye kapu la "mengineyo". Programu hizi pia zina tabia ya kujaza pengo kwa kubuni, kwa lugha safi inayoshawishi. Ndiyo maana mkaguzi makini hapeleki mstari hata mmoja kwenye ripoti kabla hajaona rekodi yenyewe.

Hesabu ya kengele za uongo

Sasa tufike kwenye jambo linaloweza kukuumiza wewe.

Mtu akikuambia mashine yake ni sahihi kwa 99%, unaona ni nzuri ajabu. Chukua tena miamala 1,000,000. Tuseme 100 ni ya ulaghai na 999,900 ni ya watu wema. Mashine inanasa 99 ya ulaghai, vizuri sana. Lakini kwa wale wema, inakosea kwa 1%, na 1% ya 999,900 ni karibu 9,999. Jumla imepiga kengele mara 10,098, na kati ya hizo za kweli ni 99. Yaani katika kila watu 100 na kidogo walioshukiwa, mwenye hatia ni mmoja tu.

Hao wengine ni akina nani? Ni watu ambao maisha yao yametoka kwenye mstari siku hiyo. Mkulima wa majani chai aliyepokea bonasi baada ya kuishi na salio la mia tatu mwaka mzima. Mweka hazina wa chama. Baba anayelipa karo ya watoto watatu asubuhi moja. Na mfiwa. Mtu akifariki, ndugu mmoja anatangaza nambari yake kwenye kundi la WhatsApp, na ndani ya siku mbili anapokea michango 200 kutoka Turkana hadi Kwale, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kumtumia hata shilingi. Kisha anatoa zote kwa mkupuo, kwa sababu mochari na mwenye hema na mwenye ng'ombe wanataka pesa taslimu. Ukichora picha ya miamala hiyo na picha ya tapeli anayekusanya pesa za bahati nasibu ya uongo, zinafanana kama pacha. Tofauti iko kwenye jambo ambalo mashine haioni: kuna jeneza.

Tena mashine inayojifunza hujifunza pia ubaguzi wa waliotangulia. Kama miaka ya nyuma wachunguzi walikuwa wakifungua faili nyingi za mawakala wa Eastleigh kuliko wa Karen, data itasema Eastleigh ndiko kwenye matatizo, na mashine itapeleka wachunguzi Eastleigh tena, ambao watapata makosa zaidi kwa kuwa ndiko wanakotafuta.

Posta ya Uingereza

Kwa wanaofikiri tunatia chumvi, kuna kisa cha Uingereza ambacho kila wakala wa pesa Kenya anapaswa kukijua.

Posta ya Uingereza huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wenye maduka madogo. Wanauza mkate na magazeti, na pembeni wana kaunta ya posta: wanapokea amana, wanalipa pensheni. Ukiwaona, umeona wakala wetu. Kuanzia mwaka 1999 walifungiwa mfumo mpya wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Baada ya muda mfumo ukaanza kuonyesha upungufu. Mtu anafunga hesabu jioni, skrini inasema zimepungua pauni elfu mbili. Kesho yake elfu nne. Mkataba ulisema upungufu ni wake, alipe. Wakaguzi wa Posta wakaja, wakahesabu pesa za kaunta, wakalinganisha na skrini, na skrini ndiyo iliyoaminiwa. Wengi waliopiga simu kuuliza waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Walikuwa mamia.

Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, ulaghai na kughushi hesabu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika wakilipa pesa ambazo hazikuwahi kupotea, wengine walijiua. Sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe vinginevyo, na mwenye duka la kijijini angeonyeshaje? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kusababisha upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge likalazimika kupitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Horizon haikuwa akili unde. Ilikuwa programu ya kawaida ya kujumlisha na kutoa. Kama kitu rahisi hivyo kiliweza kuaminiwa kuliko binadamu mamia kwa miaka mingi, basi mashine ambayo hata walioitengeneza hawawezi kueleza kila hatua yake inahitaji kukaguliwa mara mbili. Wanaotakiwa kuikagua ni wale wakaguzi wa ndani tulioanza nao. Kwa kawaida wanaozuia laini ni idara nyingine, ya kupambana na ulaghai. Mkaguzi wa ndani anakuja nyuma yao na kuuliza: mashine hii ilizuia wangapi mwezi uliopita? Wangapi walikuwa hawana makosa? Ilichukua saa ngapi kuwafungulia? Kuna kaunti inayozuiwa kuliko nyingine bila sababu? Nani aliruhusiwa kuibadilisha, na aliandika wapi? Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi kubwa mpya ya taaluma hii, kubwa kuliko kutumia mashine kunasa wezi.

Laini yako ikizuiwa

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Kuna hali zinazoruhusiwa, kwa mfano pale uamuzi unapohitajika kutimiza mkataba, pale sheria nyingine inaporuhusu, au wewe mwenyewe ukiwa umekubali. Lakini uamuzi wa namna hiyo ukifanywa, unapaswa kuarifiwa kwa maandishi kwamba ulifanywa na mashine, na unaweza kuomba ufikiriwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mashine pekee. Usiporidhika, malalamiko yanapelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Kwa hiyo ukipiga simu huduma kwa wateja, usianze kwa kugombana na mhudumu, maskini hakukuzuia yeye. Uliza swali moja waziwazi: "Uamuzi huu umefanywa na mfumo au na mtu?" Ukiambiwa ni mfumo, sema unaomba mtu aupitie, na uombe nambari ya kumbukumbu ya ombi lako. Kisha toa maelezo ambayo mashine haikuwa nayo. "Nimefiwa na shangazi, hii ndiyo nambari iliyotangazwa kwa mchango, hiki hapa kibali cha mazishi" inafungua mlango haraka kuliko dakika ishirini za kulalamika.

Wakati mwingine mhudumu atakuwa hawezi kukuambia sababu. Si kiburi. Kuna sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na utakatishaji wa pesa, inayozitaka kampuni ziripoti miamala inayotia shaka kwa kituo cha serikali kiitwacho FRC, na inakataza kumdokezea mhusika kwamba ameripotiwa. Tunakubali kwamba kwa asiye na kosa hali hiyo inachosha. Hata hivyo bado unaweza kutoa maelezo yako, na yataingia kwenye faili.

Maandalizi ya kabla ndiyo yanayosaidia zaidi. Usifute ujumbe wa miamala. Ile nambari ya muamala ndiyo ufunguo ambao mkaguzi yeyote atauomba kwanza. Laini iwe kwa jina lako kwenye kitambulisho chako, si la binamu aliyekusajilia mwaka 2011, kwa sababu siku ya shida mashine itamtafuta binamu. Chama kikikua, kiwe na akaunti ya kikundi au nambari yake ya malipo. Pesa za watu thelathini zikipita kwenye laini ya mweka hazina, zinamfanya yeye aonekane mshukiwa na zinawafanya ninyi mkose ushahidi.

Kwa wakala, usiache daftari. Tunajua sasa kila kitu kiko kwenye mfumo na daftari linaonekana la kizamani. Andika floti na pesa taslimu asubuhi unapofungua na jioni unapofunga, weka tarehe na sahihi. Mfumo ukionyesha upungufu ambao daftari halionyeshi, piga simu siku hiyo hiyo, kabla hujatoa hata shilingi mfukoni kujazia. Wale wenye posta wa Uingereza wengi walijazia kwa pesa zao wakitumaini mambo yatajipa, na kule kujazia kukasomwa kama kukiri.

Jambo la mwisho, kwa sababu matapeli nao wanasoma magazeti. Siku hizi mtu anaweza kukupigia akijiita mkaguzi: "Mama, mfumo wetu wa AI umepata tatizo kwenye laini yako, tunahakiki kabla haijafungwa." Sauti inaweza kuwa ya kuaminika sana, hata inayofanana na ya mtu unayemjua, kwa kuwa programu za kuiga sauti zipo. Atakuomba PIN, au msimbo uliotumwa kwa ujumbe, au ubonyeze nambari fulani anazokutajia. Mkaguzi wa ndani ana rekodi zote mbele yake na hana haja na PIN yako. Kata simu, usimjibu kwa matusi wala kwa maelezo, andika ile nambari iliyokupigia, kisha upige wewe mwenyewe ile ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye programu yetu uripoti.